Jibu Alilopewa Nesi

Ilikuwa raha kumtazama Fundi Mwandiko akiandika herufi S. Herufi nyingine hata mimi naweza kuzibabaisha nikipewa rula, lakini S haina rula. Inataka mkono uliotulia. Aliegemeza bango ukutani nje ya karakana yake, akachovya brashi, akashusha pumzi, na mkono ukaenda wenyewe: ukapanda, ukazunguka, ukashuka. Wapita njia walisimama kutazama. Mkewe alikuwa akifagia uani, binti yao mkubwa akianika nguo, redio ya jirani ikiimba kwa sauti ya chini. Ungepita pale asubuhi ungesema, hii ndiyo nyumba yenye amani.

Bango la saluni yangu aliliandika yeye. Mimi ni msusi, na nusu ya vichwa vya mtaa huu vimepita mikononi mwangu. Mtu akishikwa nywele husema hata yale aliyoapa kutosema. Haya nitakayowasimulia nimeyapata kwa mjane wa Fundi mwenyewe, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, naye ndiye aliyesema, "Wasimulie watu. Usipake rangi." Basi sipaki.

Nyuma ya ile S kulikuwa na mambo. Mkono ule haukuamka umetulia. Uliamka unatetemeka kiasi kwamba mwenyewe hakuweza kufunga kifungo cha shati, akafungiwa na mkewe. Mkewe alimmiminia kikombe cha pombe kali, akakishika kwa mikono miwili, akanywa, akakaa kidogo, na mkono ukatulia. Mke akapiga hesabu aliyoiona sahihi kabisa: kabla ya kunywa mkono unatetemeka, baada ya kunywa hautetemeki, basi pombe ni dawa ya mkono, na mkono ndio unaotulisha.

Hesabu hiyo imewapoteza watu wenye akili kunishinda mimi na nyinyi. Pombe ndiyo iliyokuwa ikiutetemesha mkono ule, na pombe hiyohiyo ikajifanya daktari wake. Ni mwizi anayekuibia usiku, halafu asubuhi anakuja kukusaidia kutafuta.

Ili wateja wasinuse mambo, mke aliitia pombe kwenye chupa ya chai, na binti akaipeleka karakana. Mteja akiitazama chupa kwa hamu, Fundi alicheka. "Hii haina sukari, mzee, hutaiweza." Wakacheka wote. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya nyumba ile ilikuwa mke wake.

Mtaani tulijua kwamba Fundi anaonja. Kwamba hawezi kuamka bila kuonja, hilo hatukulijua. Hakuwahi kupepesuka, hakuwahi kumtukana mtu, hakuwahi kuokotwa mtaroni. Sisi tuna picha moja tu ya mlevi, yule anayeimba njiani. Asiyeimba njiani tunampa shikamoo yake na kupita.

Bahati iliwahi kumgongea mlango. Tumbo lilimchoma wiki nzima, akaenda zahanati. Tabibu wa pale, kijana mcheshi, akamuuliza habari za chakula, za usingizi, kisha akamuuliza kama anakunywa pombe.

"Kidogo tu, daktari. Kama watu wengine."

"Kidogo cha kijiko au cha ndoo?"

Fundi akacheka. "Cha kikombe."

"Na kikombe cha kwanza unakunywa muda gani?"

Hapo kicheko kikaisha. Tabibu hakumfokea. Alimwambia kwamba tumbo lile ni salamu tu, barua yenyewe inakuja. Akamwambia arudi na mkewe ili wapunguze pamoja kwa utaratibu, kwamba dawa zipo na watu wa kuzungumza nao wapo. Akamwonya asije akaacha ghafla peke yake nyumbani, maana mwili uliozoea kiasi kile unaweza kuangushwa na kunyimwa kuliko hata na kunywa. Fundi akaitikia kila neno. Alipofika nyumbani akamweleza mkewe habari ya vidonge vya tumbo tu; mengine mke aliyasikia kwa tabibu baada ya mazishi. Na zahanati hakurudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ulianza kujengwa siku ile.

Kisha binti akapata mchumba. Kijana wa watu, mpole, mtoto wa mfanyabiashara wa mbao ambaye mjini kote anaitwa Mzee Mbao. Nyumba ikajaa furaha, na palipo na furaha ndugu hawakosekani. Akaja kaka mkubwa wa Fundi, yule tunayemwita Mwenyekiti kwa sababu huongoza kila kikao, hata ambacho hakualikwa. Akawakusanya sebuleni.

"Kuanzia leo," akasema, "neno pombe halitamkwi katika nyumba hii. Wale ni watu wastaarabu. Wakisikia baba wa bibi harusi haamki bila kikombe, watageuzia pale mlangoni."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia vidole vyake. Binti ndiye aliyesema. "Baba mkubwa, si bora tumpeleke hospitali kwanza?"

"Hospitali ya nini? Ana homa? Baba yako ana ulegevu, na ulegevu hauna sindano. Harusi ipite, nitamnyoosha mwenyewe."

Na kikao kikafungwa, kama vinavyofungwa vikao vyake vyote, kabla watu hawajasema.

Mzee Mbao, kwa kuthamini undugu unaokuja, akampa Fundi kazi ya kuandika jina la duka lake, herufi kubwa juu ya mlango, kazi ya kupanda ngazi. Asubuhi ya kazi hiyo wageni wakawahi kufika kwa Fundi: mama wa kijana na dada zake, wamekuja kumtazama mkwe wao. Jiko likajaa wanawake. Mke wa Fundi akawa anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, maana chupa ya pombe ilikuwa nyuma ya gunia la mkaa na mbele ya gunia amekaa mgeni. Mwingine, kwa wema wake, akaichukua ile chupa ya chai ya Fundi, akaisuuza, akaijaza chai ya kweli.

"Baba asiende kazini na njaa," akasema.

Fundi akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka. Mkewe aliniambia macho yao yalikutana pale mlangoni.

Kwa hiyo mnisikilize vizuri, maana watu wengi hapa huielewa vibaya hadithi hii. Fundi Mwandiko hakuanguka kwa sababu alikuwa amelewa. Alianguka kwa sababu hakuwa amekunywa. Alipanda ngazi jasho linamtiririka, brashi inacheza vidoleni. Mzee Mbao alikuwa chini, amekunja mikono.

"Mwandiko, shuka upumzike kidogo. Duka halikimbii."

"Namalizia hii tu, mzee mwenzangu."

Kopo la rangi lilitangulia, yeye akafuata. Mfupa wa paja ukavunjika vipande viwili. Mzee Mbao akampakia kwenye gari lake la mbao mpaka hospitali, akangoja hata mke, binti na Mwenyekiti walipofika, kisha akawaachia mgonjwa wao.

Wodini kulikuwa na nesi wa makamo, mwenye sauti ya chini, mtu asiyecheka ovyo lakini hakunji uso. Walipokwisha kumfunga Fundi mguu na kuuning'iniza, akaja kuuliza yale wanayomuuliza kila anayelazwa: dawa gani inamdhuru, presha, sukari, sigara. Kando ya kitanda alikuwa amesimama mke, binti, Mwenyekiti, na yule mama wa kijana aliyeleta mashuka yake mwenyewe, mapya, yamekunjwa vizuri.

"Pombe je?" nesi akauliza.

"Hapana," Mwenyekiti akajibu hata swali halijatua.

"Namuuliza mgonjwa, mzee."

Fundi akazungusha macho. Akamtazama kaka yake, akamtazama mkewe, akamtazama binti yake, akamalizia kwa mama mwenye mashuka. Paja lilikuwa linamuuma mno, lakini aliweza kutabasamu.

"Mimi ni mtu wa chai, nesi."

"Kweli kabisa," mama wa kijana akadakia kwa furaha. "Asubuhi hii tumemjazia chupa sisi wenyewe."

Nesi hakuandika mara moja. "Kama ipo," akasema, "hata kidogo, hata ya siri, niambieni. Siulizi ili nimhukumu mtu. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kuharibika vibaya sana. Tukijua mapema tunazo dawa za kuutuliza, na tunakaa naye mpaka apite pale pagumu. Tusipojua, tunatibu gizani."

"Kwetu hakuna mambo hayo," Mwenyekiti akasema.

Binti akafungua mdomo. Baba yake mkubwa akamkanyaga mguu, kwa upole, kama mtu anayekanyaga breki. Nesi akaandika hapana.

Kesho yake mke alikuja wodini na chupa ya chai kwenye kikapu, na safari hii haikuwa chai. Hakuwa na mpango mwingine, maskini. Kwa miaka yote, mumewe akitetemeka yeye humimina, na asubuhi ile alikuwa amepigiwa simu na mgonjwa wa kitanda cha pili, akaambiwa kwamba mumewe ameshindwa kushika kijiko cha uji. Mwenyekiti akamkuta kwenye veranda, akafungua kifuniko, akanusa, akaenda nayo hadi kwenye sinki la kunawia na kuimimina yote.

"Shemeji, una akili kweli? Mungu mwenyewe amemlaza kitandani, mguu umening'inizwa, hana pa kukimbilia. Ataachia hapahapa. Hukuliona hilo?"

"Lakini anatetemeka, shemeji."

"Mwache atetemeke. Ndiyo inatoka hiyo."

"Basi tumwambie yule nesi."

"Ukimwambia nesi umewaambia wakweo. Kuta za hospitali zina masikio. Mwanao anaolewa au haolewi? Chagua."

Naomba mumwelewe mtu huyu, maana ni rahisi kumchukia. Mwenyekiti alilala kwenye benchi nje ya wodi. Alifua nguo za mdogo wake kwa mikono yake, alikimbilia dawa famasi mvua ikinyesha. Alimpenda. Upendo haukumpungukia hata kidogo. Alichokosa ni kujua, na baya zaidi, alikosa kukubali kwamba hajui. Aliona kitanda kile ni gereza zuri la kumwachisha ndugu yake pombe, akafurahi moyoni, na akafunga mlango wa pekee ambao msaada ungeingilia.

Mchana mapigo ya moyo yakaanza kukimbia. Jasho lililowesha mashuka mapya. Fundi hakupata usingizi, alishtuka kila mlango ulipofungwa. Daktari, akiongozwa na yale aliyoambiwa, akatafuta homa ya malaria, haikuwepo. Akatafuta jeraha la kichwa, halikuwepo. Akaagiza vipimo vingine. Na muda wote huo, jibu la kweli lilikuwa limekaa kwenye benchi nje, linakunja nguo za mgonjwa.

Nesi hakuridhika. Alimvuta mke kando, kwenye chumba wanachohifadhi mablanketi, akafunga mlango.

"Mama, nimewaona wengi wa namna hii. Mikono ile, jasho lile. Tuko wawili tu humu. Ukiniambia, linabaki kwa wanaomtibu. Anakunywa?"

Mjane aliponisimulia hapa, aliusimamisha mkono wangu wenye kitana. "Neno lilifika hapa," akasema, akajigusa koo. "Halafu dirishani nikamwona shemeji amesimama na Mzee Mbao wanacheka. Nikamwona mwanangu na shela. Nikasema hapana. Tena nilisema kwa sauti nzuri, msusi, kama mtu aliyekaribishwa chakula akasema ameshiba."

Nikarudisha kitana nyweleni. 

Siku iliyofuata, saa ya kuona wagonjwa, wodi ilikuwa imejaa watu na vikapu. Mzee Mbao na mkewe walikuwepo, kijana wao yupo, na sisi majirani wawili watatu tulikuwa tumezuiliwa mlangoni na Mwenyekiti, aliyesema mgonjwa amelala. Hakuwa amelala. Tulimsikia.

"Shika hiyo! Shika hiyo S, inatoroka!"

Alikuwa akiona herufi zinashuka ukutani. Alizikimbiza kwa vidole hewani, anazirudisha mahali pake, anazipanga, zinashuka tena. Kuna mgeni wa kitanda cha jirani aliyecheka, kisha akaacha. Mkewe alimshika mkono, naye akamwambia, "Mteja, nisamehe, kazi yako haijakauka." Hakumjua. Miaka yote ile ya kumiminiwa kikombe, na hakumjua aliyemimina.

Akachomoa dripu. Akataka kushuka, na mguu umefungwa kwenye uzito. Akapiga kelele ambayo sijaisikia kwa mtu mzima kabla ya hapo wala baada ya hapo. Kisha akakakamaa, macho yakageuka, mwili wote ukaanza kutikisika, povu likamtoka.

Binti ndiye aliyeuvunja ule mlango wa siri.

"Anakunywa!" akapiga ukelele mbele ya wodi nzima. "Baba anakunywa kila siku! Anakunywa akiamka! Mimi ndiye ninayempelekea kazini!"

Mwenyekiti akamwekea kiganja mdomoni. "Amechanganyikiwa huyu mtoto, jamani, msimsikilize..."

Binti akauondoa mkono ule usoni pake, akausukuma. "Nesi, ni pombe! Hajainywa tangu kabla hajaanguka!"

Nesi alikuwa ameshafika. Akaita daktari, wakamgeuza ubavu, sindano ya kumtuliza ikaletwa, na ile ya vitamini, na mtungi wa oksijeni. Sasa walijua wanatibu nini, na mikono yao ilikwenda haraka. Daktari akauliza mara ya mwisho kunywa ni lini, binti akajibu. Daktari akatikisa kichwa tu. Nesi alimpita mke mlangoni akamwambia polepole, "Mngeniambia, mama." Hakumwambia kwa hasira. Mjane anasema angeshukuru kama ingekuwa kwa hasira.

Kile kifafa kilitulia, kikarudi, kikatulia, kikarudi. Matapishi yalikuwa yamekwisha kuingia kifuani, na moyo uliokimbia bila kupumzika ukachoka. Walihangaika naye kadiri walivyoweza. Asubuhi, chai ya wagonjwa ikigawiwa, Fundi Mwandiko akakata roho.

Mguu uliovunjika haukumuua. Wenzake wawili wa mifupa, wa wodi ileile, walirudi nyumbani na magongo yao na leo wanatembea.

Msibani tulikaa kwenye mikeka. Mwenyekiti alikuwa amezeeka ghafla. Ile sauti ya vikao ilikuwa imemkauka. Alimwendea Mzee Mbao, akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Mzee mwenzangu, aibu yetu mmeiona. Tuliwaficha. Kama mnataka kuvunja uchumba, hatutakuwa na neno. Haki yenu."

 Mke wa Mzee Mbao akamgusa mumewe bega. "Waambie," akasema.

"Mimi," Mzee Mbao akaanza, "nililazwa wodi ileile. Nilikuwa naamka nikitetemeka kama yeye. Nilikwenda kwa ajili ya ngiri, na nesi yuleyule akaniuliza swali lilelile. Nikasema hapana. Mke wangu huyu mnayemwona akasema, 'Anakunywa, tena sana, tusaidieni.' Nilimchukia siku ile mpaka nikatamani nisimwone tena. Wakanipa dawa, wakakaa nami, nikatetemeka na kutoa jasho, nikavuka. Baadaye nikawa narudi kwao kuzungumza, wiki baada ya wiki, maana kuvuka ni mwanzo tu."

Mama wa kijana alikuwa analia wazi. "Nilisimama pale na mashuka," akasema. "Aliposema ni mtu wa chai, nikamsaidia kusema. Kama angejua ni nani amesimama pale! Na nesi yule alinisalimu kama mgeni. Siri yetu haijatoka mdomoni mwake mpaka leo. Nyinyi mlidhani angewatangaza."

"Na mimi nina langu la kujibu," Mzee Mbao akaendelea. "Nilimwona juu ya ngazi, nikalijua lile jasho. Nikasema moyoni, watu wa nyumbani watawaambia madaktari, mimi mkwe nisimvunjie mwenzangu heshima. Nikapanda gari langu nikaondoka." Akapangusa uso. "Uchumba uko palepale. Haukuwahi kuwa hatarini hata siku moja."

Mwenyekiti akainamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Binti alikuwa amekaa karibu na mama yake, kitambaa kichwani. Akainua uso akamtazama baba yake mkubwa, akamtazama mama yake.

"Kumbe harusi ingekuwepo," akasema. "Na baba angekuwepo."



MAFUNZO YA HADITHI HII

Ndugu zangu, wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na sisi tumelia. Msiondoke hapa mkisema Fundi aliuawa na pombe, basi. Pombe ilimweka ukingoni, hilo kweli. Aliyempa msukumo ni lile neno hapana, lililosemwa na watu waliompenda, kwa ajili ya heshima.

Nesi au daktari akikuuliza kama unakunywa, hakutafutii aibu. Anauliza kama anavyouliza sukari na presha, kwa sababu jibu lako ndilo linalomwonyesha dawa ya kukupa na hatari ya kukukinga nayo. Mjibu ukweli, kiasi kamili na saa kamili, na kama mgonjwa wako hawezi kusema, msemee ukweli. Ukiona aibu mbele za watu, omba kuongea naye faraghani. Mke wa Fundi alipewa hata chumba.

Mtu anayetetemeka asubuhi mpaka anywe, huyo tayari ni mgonjwa, hata kama hapepesuki, hata kama kazi yake ni safi na shati lake limepigwa pasi. Usimfungie ndani akome. Usimnyime ghafla ukadhani unamsaidia, na usimmiminie miaka nenda miaka rudi ukadhani unamtibu. Mpeleke kwa wanaojua, mapema, wakati tatizo lingali tumbo linalochoma, kama yule tabibu alivyomwambia Fundi naye akaitikia akaenda zake.

Na wewe uliyewahi kupita njia hiyo ukavuka, sema. Usikunje mikono chini ya ngazi ya mwenzako kwa adabu. Neno lako lina uzito kuliko hotuba zangu zote na za Mwenyekiti.

Heshima ya nyumba ni watu walio hai ndani yake. Mjane wa Fundi anayo heshima yake yote sasa, hakuna aliyemvunjia, na kila asubuhi huamka kabla ya jua akakaa kitandani mikono mitupu, hana wa kumfungia kifungo.